Diski Iliyopanda Boti: Kisa cha Maktaba Moja na Makala Zisizo Zake

Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja Unguja, na mimi nilikuwa mmoja wa wakutubi wawili waliokuwepo. Majina nimeyaondoa yote, ya watu, ya chuo na ya mchapishaji, na hesabu nimezikadiria tu ili mtu asitutambue kwazo. Nawaandikia wakutubi wenzangu ambao sasa hivi wanafikiria kuweka programu ya kutafuta ndani ya makala nzima nzima, hasa wale wasiojua mkataba wa majarida yao umefungiwa kabati gani.

Usuli

Chuo chetu kina wanafunzi wa afya, wa ualimu na wa sayansi ya bahari. Maktaba ina kompyuta kumi na mbili. Siku njema zinawaka tisa. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huenda Pemba kwa mafunzo ya vitendo, wengine Mkoani, wengine mpaka Micheweni, na huko ndiko wanakoandikia nusu ya tasnifu zao.

Vitabu tunaviorodhesha kwa Koha, programu ya bure iliyoanzia New Zealand. Koha inajua kwamba tunalo jarida fulani, lakini haijui ndani ya jarida hilo mna makala gani. Kwa makala tulikuwa na njia kadhaa. Ya kwanza ni Research4Life, mpango wa kuzifungulia majarida nchi zenye kipato kidogo, ulioanza na Hinari ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ambao Tanzania imo katika kundi la nchi zisizolipa. Kisha AJOL kwa majarida ya Afrika, DOAJ kwa majarida huria, na furushi moja la majarida ya kulipia tulilolipata kupitia muungano wa maktaba, kwa ada ya mwaka.

Kwa hiyo makala zilikuwepo. Kilichotushinda ni wingi wa milango. Kila mlango una ukurasa wake, neno la siri lake na namna yake ya kutafuta. Mwanafunzi akijaribu miwili anachoka, anarudi Google, anaipata makala, anakutana na ukurasa unaomtaka dola thelathini na kitu, anakuja kwenye meza yangu: "Bi, hii wanauza." Mara nyingi makala ileile tulikuwa nayo tayari, imelala nyuma ya mlango wa tatu.

Yaliyotokea

Akaja muuzaji mmoja na chombo chake. Kisanduku kimoja cha kutafutia, unaandika neno, kinapekua milango yote kwa pamoja, tena ndani ya maandishi yenyewe, si jina na ikisiri, yaani muhtasari wake, tu. Tulipewa siku thelathini za kujaribu na wanafunzi wakakipenda. Bei ilipokuja, mkurugenzi aliisoma mara mbili, akaikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha yake. Ilizidi bajeti ya vitabu ya miaka miwili.

Fundi wetu wa TEHAMA, kijana hodari na mwenye haraka, akasema atatengeneza chetu. Alichukua VuFind, programu huria ya kutafutia iliyotengenezwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Villanova kule Marekani, akaiweka kwenye seva ya ndani ya chuo. Hoja yake ilikuwa nzito: intaneti ikikatika, seva ya ndani haikatiki. Kila aliyewahi kufanya kazi hapa anaielewa hoja hiyo. Umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 wanaikumbuka ile miezi mitatu ya giza. Mtu aliyepita hapo, akipata kitu, hukiweka ndani.

Lakini seva ya ndani bila makala ni sanduku tupu. Fundi aliijaza kwa njia tatu. Kwanza, mhadhiri mmoja aliyesoma ng'ambo alimpa diski yenye mafaili ya PDF zaidi ya elfu moja aliyoyapakua enzi za shahada yake ya uzamili. Pili, zilikuwepo tasnifu za wanafunzi wetu tulizokuwa tumezipiga skani. Tatu, na hii sikuijua mpaka siku ya balaa, aliandika programu ndogo iliyokuwa ikiingia usiku katika furushi letu la kulipia, wakati mtandao hauna watu, na kupakua toleo baada ya toleo mpaka alfajiri.

Baada ya miezi miwili tulikuwa na mafaili elfu tatu na ziada. Sitasahau mchana mmoja, msichana wa sayansi ya bahari, mzaliwa wa Paje, alikuwa akiandika juu ya mwani. Mama yake ni mkulima wa mwani, na alitaka kujua kwa nini aina ya cottonii inakufa pwani na aina ya spinosum inastahimili. Aliandika majina mawili ya kisayansi na neno la joto. Kabla sijavuta kiti, makala kumi na nne zimepangika kwenye kioo, na katika kila moja mstari wenye neno lake umepakwa rangi ya manjano. Kazi ile zamani ingemla juma zima. Alicheka peke yake. Nami nilishangilia, sitajitoa.

Kisha wanafunzi walioko Pemba wakalalamika kwamba raha hiyo haiwafikii. Kweli, kwa sababu furushi la kulipia linafunguka kwa anwani ya IP ya chuo tu, ile namba inayoutambulisha mtandao wetu. Ukitoka getini, huna kitu. Fundi akanakili kila kitu kwenye diski ya nje, akaifunga kwa mfuko wa plastiki juu ya mfuko, na mwanafunzi mmoja akaibeba kwenye boti pamoja na begi la nguo. Ndani ya wiki mbili diski ile ilishanakiliwa kwenye kompyuta sijui ngapi.

Jumatatu moja asubuhi, wiki chache kabla ya tarehe ya kukusanya tasnifu, furushi lilikataa kufunguka. Ukurasa ulisema anwani yetu imefungiwa kwa sababu ya upakuaji wa mfululizo. Kwa kuwa chuo kizima kinatoka nje kwa anwani moja, walifungiwa wote: wahadhiri, wanafunzi, hata mkurugenzi. Mchapishaji alishatuma onyo mara tatu. Maonyo yalikwenda kwenye barua pepe ya mkutubi aliyestaafu mwaka uliotangulia, ambaye ndiye aliyeandikwa kwenye mkataba kuwa mtu wa kuwasiliana naye.

Maamuzi na sababu zake

Kikao kilikaa siku hiyohiyo. Wapo waliosema tuombe tubadilishiwe anwani ya IP, tuendelee kimya kimya. Wapo waliosema tuandike kwamba ni virusi. Mkutubi mkuu aliomba jambo moja kwanza: mkataba. Ulitafutwa saa nzima. Ulipatikana uhasibuni, umebanwa pini nyuma ya hati ya malipo, na ilivyoonekana tangu utiwe saini haukuwahi kufunuliwa.

Tuliusoma kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, nami nikifasiri pale palipokaza. Ulikataza kupakua kwa programu. Ulikataza kuweka nakala kwenye seva yetu. Ulikataza kuwapa walio nje ya orodha ya watumiaji halali. Yote matatu tulikuwa tumeyafanya.

Halafu tukafika kifungu kilichotunyamazisha zaidi. Mkataba uliruhusu mtu yeyote anayeingia maktaba kwa miguu yake kutumia majarida yote kwenye kompyuta zetu, awe mwanafunzi wetu au asiwe. Sisi miaka yote tulikuwa tukiwarudisha mlangoni walimu wa skuli za jirani kwa kuwaambia leseni hairuhusu. Uliruhusu pia kuipelekea maktaba nyingine makala moja moja kwa ombi la msomaji, na hilo tulikuwa tukilikataa vilevile. Tulivunja tuliyokatazwa na kujinyima tuliyopewa, na hatukujua hili wala lile.

Mhadhiri mmoja alikuja na sheria ya hakimiliki iliyochapwa kutoka mtandaoni, amepigia mistari vifungu vya matumizi ya elimu. Tukaanza kubishana vifungu, mpaka mhasibu akatazama ukurasa wa mbele na kusema, "Lakini hii ni ya bara." Na ni kweli. Hakimiliki si jambo la Muungano: bara wana sheria yao ya 1999 na COSOTA, chombo chao cha hakimiliki, nasi Zanzibar tuna sheria ya 2003 na COSOZA yetu. Ubishi ule ulikuwa na faida yake, ila haukuwa kiini cha shauri letu. Hata kama sheria ingetupa nafasi, tulikuwa tumetia saini ahadi nyembamba kuliko sheria, na kwa ahadi hiyo ndiyo tulifungiwa.

Tuliamua kuandika ukweli. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja: programu iliandikwa na mfanyakazi wetu, lengo lilikuwa kuwasaidia wanafunzi wasio na mtandao wa uhakika, imezimwa, nakala zinafutwa, na mtu mpya wa kuwasiliana naye ni huyu. Sababu ya kutosingizia virusi haikuwa uchamungu peke yake. Kumbukumbu za upakuaji wanazo wao. Zilionyesha kila usiku saa ileile, toleo la kwanza, la pili, la tatu. Virusi havina nidhamu hiyo.

Kisha ikaja kazi ya kuchambua yale mafaili, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote. Makala nyingi za miaka ya karibuni zina namba ya utambulisho, DOI. Fundi, ambaye sasa tulikuwa tumekaa naye meza moja, aliandika programu nyingine, hii ya halali, ya kuipeleka kila DOI kwa Crossref na Unpaywall, huduma za mtandaoni zenye taarifa za makala, na kuuliza: makala hii ina leseni gani? Majibu yalituletea mafungu.

Zenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huruhusu isambazwe bure kwa masharti yake, zilibaki, hata zile zisizoruhusu biashara, maana sisi hatuuzi. Za furushi la kulipia tulizifuta, tukaacha jina, mwandishi, jarida, mwaka na kiungo cha kwendea kwa mchapishaji. Fungu lililotusumbua ni la makala ambazo ukizifungua mtandaoni zinafunguka bure lakini hazina leseni yoyote. Fundi aliona kama zinasomeka bure basi ni huru. Mkutubi mkuu akamwambia mwembe wa jirani ukiinamia barabarani, utakula kivulini mwake lakini hutaung'oa ukaupande kwako. Tukaweka viungo tu. Hata PubMed Central, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba iliyoko Marekani, ambayo wengi wetu tulidhani yote ni huru, ina makala nyingi za kusoma tu. Zilizo huru zina fungu lao na njia yao maalumu ya kupakuliwa kwa wingi, na kuingia kwa programu kupitia kurasa za kawaida hakuruhusiwi.

Tulibishana kuhusu faharasa. Programu ikishasoma makala inatunza orodha ya maneno yake yote na mahali yalipo. Fundi aliuliza, faili tumelifuta, faharasa ina kosa gani? Swali zuri, na sidhani kama lina jibu moja kwa kila mkataba, mingine inaruhusu. Wetu ulitaka kibali kwa uchakataji wowote wa matini kwa mashine, kwa hiyo tulifuta na faharasa.

Jambo jingine lilitoka pasipotarajiwa. Nilikuwa nimefasiri ikisiri mia moja na kitu kwa Kiswahili ili mwanafunzi akiandika "ugonjwa wa mwani" apate kitu. Baadhi ya makala zile zilikuwa na leseni ya CC BY-NC-ND, na ile ND ya mwisho ina maana huruhusiwi kusambaza kazi iliyobadilishwa, na tafsiri ni badiliko. Iliniuma. Badala yake nikaandika maneno ya kutafutia kwa Kiswahili, matano mpaka manane kwa kila makala. Hayo ni maneno yangu, sawa na ninavyokipangia kitabu mada.

Diski ya Pemba tuliiita irudi. Ilirudi. Nakala zake sijui.

Matokeo

Tulifunguliwa siku ya kumi na moja. Mchapishaji alijibu kwa adabu, akataka uthibitisho wa maandishi kwamba nakala zimefutwa, akauliza pia kwa nini hasa tulihitaji nakala za ndani. Tukamweleza. Kwenye makala za zamani zaidi alitupa ruhusa ya kuweka nakala kwa matumizi ya ndani ya jengo. Kwa mpya alikataa, akasema tulizungumze wakati wa kuhuisha mkataba.

Katika mafaili elfu tatu na ziada, yalibaki elfu moja na mia kadhaa. Wanafunzi walinuna. Mhadhiri mwenye diski hakusema nami kwa muda, na nilimwelewa, maana alitoa alichonacho kwa moyo safi. Msichana wa mwani aliikuta orodha yake ya makala kumi na nne imebaki na sita zinazofunguka ndani. Nyingine alizifuata kwa viungo siku mtandao ulipokuwa na nguvu, akakusanya kazi yake kwa wakati.

Sasa boti hubeba diski nyingine, yenye makala huria na tasnifu zilizoridhiwa na wenyewe tu. Hiyo anayetaka kuinakili na ainakili. Kwa mengine, wanafunzi walioko Pemba wanaingia kwa jina na neno la siri kupitia lango la chuo, siku seva yetu ikiwa na umeme.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni barua ya kweli iliyotoka mapema. Kungoja siku tatu za vikao kungetukuta bado tumefungiwa tarehe ya tasnifu. Kuuliza leseni kwa DOI nako kulifaa, na hakukugharimu senti. Tungeanza na hilo, fundi asingehitaji kupakua chochote kwa siri, kwa sababu zile elfu moja na ushei zilikuwa huko nje muda wote zikisubiri kuchukuliwa kwa halali.

Kilichofeli, watu wengi wanamtazama fundi. Mimi simtazami yeye kwanza. Aliambiwa ajaze seva, hakuambiwa kwa mipaka ipi, na aliyepaswa kumwambia ni mimi, ambaye sikuwa nimeusoma mkataba. Nilikuwa nikiwaambia wasomaji "leseni hairuhusu" kama mtu anayesimulia ndoto ya mwenzake. Mkutubi anajua kufoka juu ya kitabu kilichokunjwa ukurasa. Leseni ya maelfu ya dola anaiacha kwa mhasibu kwa sababu ina herufi ndogo na Kiingereza kigumu. Ukiniuliza siku ngapi za kazi zinahitajika kuusoma na kuutolea ukurasa mmoja wa Kiswahili, ni moja na nusu. Nimehesabu, kwa sababu baadaye niliifanya.

Lakini upande wa pili pia una la kujibu. Mkataba ule uliandikwa na watu ambao mtandao wao haukatiki. Wanapokataza nakala ya ndani wanadhani wanazuia wizi tu. Hapa kwetu, nakala ya ndani mara nyingine ndiyo tofauti ya kusoma na kutosoma. Wakati wa kuhuisha mkataba hoja hiyo ndiyo ya kuipeleka mezani, kwa takwimu za siku mtandao ulizolala. Sisi tuliipeleka baada ya kuvunja, na aliyekwisha vunja hana nguvu ya kubembeleza bei.

Kuhusu chombo chenyewe, kutafuta ndani ya makala nzima kuna kero zake ambazo muuzaji hazisemi. Andika "Pemba" utaletewa makala chungu nzima za mji wa Pemba wa Msumbiji. Andika "Paje" utaletewa kila mtafiti aliyewahi kuwashukuru wanakijiji mwishoni mwa makala yake. Na Kiswahili kinakisumbua zaidi, kwa sababu programu hizi zimezoea lugha zinazobadilika mkiani. Unaweza kuweka alama ya nyota mwisho wa neno ili ipate viambishi vyote, lakini neno letu linabadilika kichwani: mvuvi, wavuvi, uvuvi. Nyota mbele ya neno, kama tulivyoiweka programu yetu, haikubali. Kwa hiyo katika maneno yangu ya kutafutia naandika umoja na wingi pamoja, kwa mkono, makala moja baada ya nyingine.

Jambo la tasnifu bado halijakwisha. Za sasa zina fomu ya ridhaa. Za zamani tumeziacha zisomwe ndani ya maktaba tu, mpaka wenyewe wapatikane. Mmoja tuliyempata, sasa ni mwalimu mkuu, alikataa katakata: kwenye viambatisho vya tasnifu yake mna majina ya wakunga waliohojiwa, na enzi zile hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mtu ataandika jina la mkunga kwenye kisanduku akampata. Kwa karatasi kabatini jina lile lilikuwa salama kwa uvivu wa watu. Tumerudi kupitia viambatisho vyote kabla ya kuviingiza kwenye faharasa, na kazi hiyo inakwenda polepole, tasnifu tatu au nne kwa juma.

Mlangoni tumebandika karatasi: wageni wanaruhusiwa kutumia kompyuta namba 8 na namba 9 kusoma majarida. Wa kwanza kuja alikuwa mwalimu wa baiolojia wa skuli ya jirani. Mwaka uliopita nilimrudisha mimi mwenyewe, na alinikumbuka. Alikaa mpaka saa kumi na moja, na alipoondoka alitaka kujua kama kesho tutafungua mapema.